Nusu Hatua Nyuma ya Mgonjwa

Kazini alisimama nusu hatua nyuma ya mgonjwa, upande wa kushoto, mikono mgongoni, macho sakafuni. Alisema mkalimani akisimama mbele, daktari humtazama yeye, na mgonjwa hugeuka mzigo uliosindikizwa. Akisimama nyuma, watu wawili wanatazamana usoni na yeye anabaki sauti tu. Katika miaka sita niliyomwendesha kwenye hospitali na zahanati za Jeddah, sikumwona akiivuka hiyo nusu hatua. Aliivuka siku moja tu, na siku hiyo hatukuwa Jeddah.

Sote tulimwita Mkalimani. Jina lake lilikuwepo kwenye kitambulisho kilichoning'inia shingoni, ila sikumbuki mtu aliyelitumia. Alikozaliwa na watu wake ni akina nani sikumwuliza, na yeye hakuwa mtu wa kusimulia. Lafudhi yake ilikuwa ya Unguja. Hayo yalinitosha.

Mimi nilikuwa dereva wa gari la hospitali lililobeba wafanyakazi asubuhi na wagonjwa wa figo mchana. Shule niliacha darasa la sita, Mombasa. Nimefanya gereji, nimefanya jikoni, nimeendesha lori la maji Riyadh mpaka kafili, tajiri aliyenidhamini, akachoka na biashara, halas, nikahamia Jeddah. Mahali popote nilipopata kazi sikuwahi kumaliza mkataba wa pili. Jeddah nilikaa miaka sita, na sababu ni huyo mzee na daftari lake.

Daftari lilikuwa dogo, la kutia mfukoni, na aliandika kwa penseli tu. Neno lolote asilolijua aliliandika, la Kiarabu upande mmoja na la Kiswahili upande wa pili, na upande mmoja ukibaki mtupu hakulala vizuri. Kwangu alichukua maneno ya gari. Aliniuliza rejeta ikivuja nitajuaje, bushi ikilika inalia vipi, kama kwamba kesho gari lenyewe lingelazwa wodini naye aitwe kulisemea. Nami nikachukua maneno yake ya mwili. Kongosho, wengu, nyongo, mrija wa mkojo. Mtu wa darasa la sita, nikawa najua kongosho liko wapi na linafanya kazi gani, na nilifurahi kuliko siku niliyopata leseni.

Akitafsiri, alisema kwa nafsi ya mgonjwa. Hakusema "anasema anaumwa". Alisema "naumwa". Nimemsikia mzee huyu mwenye ndevu nyeupe akimwambia daktari, bila hata kope kucheza, kwamba mimba yake ina miezi saba na mtoto hajacheza tangu juzi. Siku za mwanzo nilitoka nje nikacheka. Baadaye niliona kwamba hakuna aliyecheka mle ndani. Daktari alikuwa anamtazama yule mama, na yule mama alikuwa anasikia maneno yake yakifika mazima.

Kuongeza hakuongeza, na kupunguza hakupunguza. Kulikuwa na msichana wa Kikenya, mfanyakazi wa ndani huko Aziziya, aliyeletwa na madam wake kwa maumivu ya kiuno. Daktari alipouliza la kwanza, msichana akamnong'oneza Mkalimani kwa Kiswahili kwamba huyu madam ni mchoyo hata wa maji ya kunywa. Alidhani yuko na mtu wa nyumbani. Mkalimani akayatafsiri yote, kwa sauti ile ile ya chini: madam wangu ni mchoyo hata wa maji ya kunywa. Madam akageuka. Msichana akashika ukingo wa meza. Lakini daktari aliacha kuandika, akauliza basi kwa siku anakunywa maji kiasi gani, na kutokea hapo ndipo mawe ya kwenye figo yakajulikana. Nje ukumbini msichana alimjia juu, akamwambia mzee wewe umeniuza. Akamjibu kwamba kama alitaka siri angenyamaza, na kama angenyamaza angerudi nyumbani na mawe yake.

Siku hiyo, kwenye gari, nilimwuliza kama kweli hakuna siku anatia chumvi kidogo, kumsaidia mtu wake.

"Leo nikitia chumvi, bwana," alisema, "kesho daktari ataonja kila neno langu kwanza. Na hapo n'nakuwa sina kazi, na mgonjwa hana mdomo."

Na hapo hapo ndipo alipokuwa na jambo lililomkera, nalo ni adabu yetu. Watu wetu wanaingia kwa daktari wakiwa wamejikunja kwa maumivu, daktari anauliza hali, wanajibu sijambo, alhamdulillahi, wewe je, na watoto wazima? Naye anatafsiri: sijambo, alhamdulillahi, wewe je, na watoto wazima? Daktari anaandika kwamba mgonjwa yuko vizuri. Wakishatoka ukumbini Mkalimani anawageukia kwa hasira. "Umekuja na maradhi ukayavua mlangoni kama viatu," aliwaambia. Lakini mle ndani hakuwasahihisha hata siku moja. Nami nilijua, kwa sababu nilimbeba kila siku, kwamba yeye mwenyewe alikuwa bingwa wa kuvua viatu. Miguu yake ilivimba mpaka kanda za makubadhi zikaacha alama. Ukimwuliza, alikuwa mzima. Akikohoa mpaka anashika dashibodi, ukimwuliza, mzima.

Miongoni mwa wagonjwa wangu wa mchana alikuwapo Bi Zuhura, mjane wa Kipemba mwenye miaka sabini na moja, aliyeishi Jeddah miaka mingi kuliko mtu yeyote niliyemjua, ingawa Kiarabu chake kiliishia sokoni. Zamani alipika kwenye harusi. Sasa alisafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, na alikaa Mahjar, ghorofa ya nne, jengo lisilo na lifti. Ngazi sabini na mbili. Kwenda ilikuwa afadhali. Kurudi, baada ya saa nne za mashine, nilimpandisha kwa kiti cha plastiki. Anapanda ngazi tisa, nakiweka kiti kwenye kona, anakaa, anafumba macho. Tunapanda tisa nyingine. Kuna siku ilituchukua dakika hamsini. Kuna siku nilifika kumchukua, akanipungia mkono dirishani kuwa leo haiwezekani, akakosa mashine, na usiku wa pili alizidiwa pumzi. Daktari wake alimwambia waziwazi kuwa akiruka tena mara mbili hatamwahidi kitu.

Kulikuwa na nyumba ya wakfu, mtaa si mbali, iliyojengwa kwa ajili ya wazee na wagonjwa wasio na mtu. Vyumba vya chini vilikuwa vichache na kimoja kilikuwa kimebaki wazi. Kamati ya wakfu iliwapanga waombaji kwa madaraja ya kiafya, na kabla ya kuamua ilimtuma daktari kumwona mwombaji nyumbani. Kwa Bi Zuhura walimwazima Mkalimani kutoka hospitali. Mimi nikawapeleka.

Nilidhani tutamkuta kitandani. Tulimkuta mlangoni mwa jengo, chini, amesimama. Amevaa nguo ya sikukuu na amejifukiza udi. Mgeni kwao hapokewi juu. Akapanda nasi ngazi zote sabini na mbili bila kugusa ukuta, akizungumza njia nzima, na mimi nyuma yake mikono tayari kumdaka, kwa sababu nilijua kila ngazi inamgharimu nini. Juu kulikuwa na kahawa ya tangawizi, halua na visheti. Daktari akauliza hali. Bi Zuhura akasema alhamdulillahi, hatujambo, tumo kwenye neema. Daktari akauliza kama ngazi zinamsumbua.

"Ngazi mazoezi, babangu," alisema. "Karibu kahawa."

Mkalimani alikuwa amesimama nusu hatua nyuma yake. Nilimtazama sana, akajua namtazama. Akasema kwa Kiarabu, kwa sauti ile ile: ngazi mazoezi, babangu, karibu kahawa.

Bi Zuhura alilala siku mbili baada ya hapo. Jibu la kamati lilikuja kwa ujumbe wa simu, nalo lilikaa siku tisa halijasomwa, kwa kuwa simu yake aliitumia kupokea tu. Niliuona mimi nilipokuwa namtafutia namba. Daraja la tatu, la mwisho. Hali imetulia, anapanda ngazi bila msaada. Rufaa ni ndani ya siku kumi na tano, husikilizwa Riyadh kwenye ofisi kuu, na mwombaji asiyeweza kufika anaweza kuleta shahidi. Zilibaki siku sita, na chumba kisingebaki wazi siku ya saba.

Nilimpelekea Mkalimani ile simu nikaiweka mbele yake, kando ya bakuli la fuul, maharage ya kuponda, na mkate wa tamisi. Nilikuwa na hasira. Nilimwambia mimi ni mjinga wa darasa la sita, lakini ningekuwa na Kiarabu chake Bi Zuhura angekuwa chini sasa hivi. Nilimwambia amemwua kwa maneno sahihi. Aliisoma mara mbili, akafuta mikono, akatoa penseli.

Aliandika rufaa siku mbili. Alikwenda kwa daktari wa figo kuomba ripoti mpya. Akaambiwa wiki tatu. Akaniuliza ngazi ni ngapi, kona ngapi, kila kona tunapumzika dakika ngapi, na nilipokadiria akanirudisha nikahesabu. Akaomba ruhusa kazini, nami nikaomba. Siku ya kumi na nne tuliondoka baada ya alfajiri, tukapandisha Taif, na baada ya hapo ni barabara tu, saa na saa, malori na nyaya za umeme. Safari hiyo hakutoa daftari. Karibu na Riyadh ndipo alipoongea.

"Wewe ungewaambia nini?"

"Chochote kitakachompa chumba."

"Ndiyo maana wewe dereva," alisema.

Tulilala kwa Mkenya mmoja niliyewahi kuendesha naye lori la maji, na asubuhi ya siku ya kumi na tano, siku ya mwisho, tukaingia kwenye ofisi. Wajumbe walikuwa watatu. Mwenyekiti alikuwa mzee mnene mwenye fimbo, mguu mmoja ameunyoosha juu ya kijistuli. Pembeni karani na kompyuta. Mbele ya meza kulikuwa na kiti kimoja cha mwombaji, na mimi nikaonyeshwa benchi la mlangoni. Mkalimani hakukaa kwenye kile kiti. Alisimama nyuma yake, nusu hatua, upande wa kushoto, mikono mgongoni, kana kwamba Bi Zuhura amekaa. Kiarabu changu cha barabarani kilitosha kumfuata.

"Nina miaka sabini na moja," alianza. "Nakaa ghorofa ya nne, ngazi sabini na mbili. Nikitoka kwenye mashine napanda ngazi tisa, nakaa, napanda tisa. Dereva wangu ananibebea kiti. Kuna siku nilikosa mashine kwa sababu sikuweza kushuka."

Mwenyekiti alikitazama kile kiti kitupu. Kisha akachukua karatasi akasoma: ngazi ni mazoezi. Akauliza sasa nani aliyasema haya.

Mkalimani akaomba ruhusa ya kumwuliza mwenyekiti swali. Akamwuliza asubuhi hii afya yake ikoje. Mwenyekiti akajibu kama tunavyojibu sote: kheri, alhamdulillahi, sina neno. Mkalimani akautazama ule mguu juu ya kijistuli, akainamisha macho. Mjumbe mmoja akakohoa. Mwenyekiti alitabasamu, akapangusa uso, na nikafikiri tumeshapata.

"Nimekufahamu," alisema. "Mama yangu naye ni hivyo hivyo. Lakini faili haliniulizi nimefahamu nini."

Akamgeukia karani. Karani, kijana mpole kabisa, akaeleza kwamba uamuzi unaweza kufunguliwa kwa sababu tatu tu. Ripoti mpya ya daktari, haipo. Utaratibu kuvunjwa, haukuvunjwa. Au kosa katika taarifa iliyopokelewa, ikiwamo tafsiri. Adabu ya mwombaji, alisema, mafi, kwenye orodha haimo. Na mfumo unafunga saa sita mchana.

Ukutani saa ilikuwa tano na robo.

Mwenyekiti akauweka mguu chini taratibu. Akasema hataki hotuba. Anataka mkalimani mwenyewe aseme: siku ile, alitafsiri sawasawa au alikosea?

Nilimjua. Nilijua angeweza kurudia kila neno la siku ile, pamoja na babangu na karibu kahawa, na kwamba hakuna hata moja lililopotoka. Miaka yote hospitalini hakuwahi kuandikiwa kosa. Nilijua pia kwamba nakala ya uamuzi itapelekwa kwa mwajiri wake, kwa sababu karani alikuwa ameshasema. Mjumbe mmoja akatazama saa. Mkalimani akakizunguka kile kiti akasimama mbele yake, karibu na meza, mikono ikining'inia kama mtu asiyejua pa kuiweka.

"Mimi," alisema, na sikuwahi kumsikia akilitumia neno hilo kazini kwa ajili yake mwenyewe. "Mimi ndiye niliyekosea."

Karani akaandika. Mkalimani akatia saini kwa kalamu ya wino waliyompa.

Tulipofika kwenye gari aliomba maji, akasukutua kinywa, akatema kwenye mchanga, akasukutua tena. Nilitaka kumwambia kitu. Aliniwahi, akaniambia yalla, tuna barabara.

Walimtuma daktari mwingine, safari hii bila kutoa taarifa, akamsubiri Bi Zuhura anapotoka kwenye mashine na kumfuata ngazini. Bi Zuhura alikwama ghorofa ya pili. Alilia, na si kwa maumivu. Alilia kwa kuwa mgeni amemkuta kwenye kona ya ngazi, kwenye kiti cha plastiki, bila kahawa. Kabla mwezi haujaisha alikuwa chini, chumba chenye mlango unaotazama uwanja, hatua kumi na moja mpaka kwenye gari langu. Aliniuliza Mkalimani alikosea nini hasa, mbona alisema vile vile alivyosema yeye. Nilimwambia amwulize mwenyewe. Sidhani aliuliza.

Hospitali ilipata nakala yake. Mkataba ulipoisha hawakumwongezea mwingine. Hawakumfukuza, waliacha tu kumpigia simu. Sikumsikia akilalamika, lakini alianza kuninyima maneno. Nikimwuliza kiungo fulani kinaitwaje, alisema tafuta kwenye simu. Mimi pia nikaanza kuwashwa miguu. Nikapata kazi ya vifurushi Riyadh, nikaondoka. Kusema kweli nilimkimbia. Kila nikimwona niliyasikia yale maneno niliyomwambia kwenye bakuli la fuul.

Miaka mitatu ikapita. Bi Zuhura ndiye aliyenipigia, yeye ambaye simu yake ilikuwa ya kupokea tu. Aliniambia mwanangu, rafiki yako ameanguka kwa kiharusi, mkono wa kulia umelala, na ulimi umefanya jambo la ajabu: Kiarabu kimeondoka chote, kimebaki Kiswahili. Yuko Bani Malik, ghorofa ya tatu, peke yake. Yeye Bi Zuhura amemwombea chumba cha chini kwa wakfu ule ule, daktari anakuja kumwona Jumatatu, na hakuna wa kumsemea. "Mimi nitakuja na kahawa," alisema. "Wewe njoo na mdomo."

Niliendesha siku nzima. Nilimkuta kwenye kiti karibu na dirisha, amekonda, ndevu zimekatwa vibaya na mtu mwingine. Daftari lilikuwa kwenye mfuko wa shati. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, nikamwuliza hali.

"Mzima," alisema.

Nikamwambia nami mzima, na tukakaa hivyo tukidanganyana mpaka Bi Zuhura akacheka. Kwa ule ulimi mzito akaniuliza Riyadh nimeokota maneno gani mapya. Nikamtajia mawili ya magari. Akapapasa penseli kwa mkono wa kushoto, ikamponyoka, nikaiokota nikaiacha mezani kwa sababu hakutaka nimwandikie.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo mwenye haraka. Nikasimama nyuma ya kiti, upande wa kushoto, mikono mgongoni. Sikupanga. Miguu ilikwenda yenyewe. Daktari akauliza anaendeleaje. Nikamfikishia swali kwa Kiswahili. Mkalimani akaelekeza uso kwa daktari, akajiweka sawa kitini, bega zima likalinyanyua lile lililolala.

"Sijambo," alisema. "Alhamdulillahi."

Daktari alinitazama, anasubiri. Mkalimani hakugeuka, lakini niliona shingo yake imekaza, nikajua anasikiliza. Kiarabu hakukijua tena, ila chumvi angeisikia.

"Sijambo," nikasema kwa Kiarabu. "Alhamdulillahi."

Kalamu ya daktari ikaanza kushuka kwenye karatasi. Nikamwomba asubiri, kuna mtu mwingine chumbani ana neno. Akainua uso. Akamtazama Bi Zuhura na birika lake, akanitazama mimi, akauliza sasa anayesema ni nani.

Nikavuka ile nusu hatua. "Mimi," nikasema.